Shafti Moja ya Mtihani

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja chuoni. Shemeji yangu alisema mtu aliyefungua geti la watu Uarabuni kwa miaka saba hawezi kugeuka fundi wa viwandani akiwa na mvi. Askari mmoja mstaafu, ambaye tangu utotoni mwangu tulikaa naye kambi moja ya polisi, aliniambia dukani mbele ya watu: "Wewe kijana, mashine itakula vidole vyako, urudi getini huna hata cha kushikia kufuli." Watu wakacheka. Lakini yeye ndiye aliyenikopesha ada ya muhula wa kwanza.

Ada iliyobaki ilitoka kwa Mkenya mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ntinda, hapa Kampala. Huyo hakukopesha kwa maneno matupu. Dada yangu alimwachia karatasi za kibanja chake cha Bwaise, kiwanja alichojenga nyumba. Nikifeli nisipate kazi, dada angetolewa nyumbani mwake pamoja na watoto wanne.

Leo nina diploma ya teknolojia ya uzalishaji viwandani, na sioni haya kusema kwamba darasani vijana walinakili hesabu zangu. Karakana ndiyo iliyonitisha. Mashine ya kukereza vyuma ilipoanza kuzunguka, nilirudi nyuma hatua moja.

Katika jaribio la kwanza nilitaka kumaliza haraka niondoke mbele ya mashine. Nikapima shafti, ule mhimili wa chuma niliopewa kukereza, ikiwa bado ya moto, kipimo kikasoma sawasawa, nikaikabidhi. Mwalimu aliiweka mezani, akaongea mambo mengine mpaka ikapoa, ndipo akaipima. Ilikuwa imesinyaa chini ya kipimo, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudishwi.

"Mzee," akasema, maana wote waliniita hivyo, "chuma cha moto hukudanganya wewe unayetaka kudanganywa."

Siku ya mtihani kila mtu alipewa kipande kimoja tu. Nilikereza hadi ikabaki kuparua kidogo, unene wa unywele. Nikaigusa shafti. Ya moto. Nikazima mashine, nikasimama.

Sijawahi kuogopa vile. Mashine za wenzangu zilinguruma, yangu kimya. Kijana wa pembeni aliniuliza kwa kunong'ona kama naumwa. Mtahini alikuja akasimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua. Akilini nikaona magodoro ya dada yametupwa kando ya mtaro. Nikatia mikono mifukoni. Nikagusa tena: vuguvugu. Wawili wakamaliza, wakatoka. Kila kitu mwilini kiliniambia kata, na mimi sikukata. Shafti ilipokuwa baridi kama kijiko cha asubuhi, nilipima, nikakata mara moja, nikangoja tena, nikapima tena.

Wengi walirudia mtihani ule. Mimi sikurudia.

Kiwanda kimoja karibu na Bugolobi kilinichukua. Askari nilimlipa kwanza. Alinishika vidole akavihesabu vyote kumi kabla ya kupokea pesa. Mkenya nilimlipa wa mwisho, akanirudishia karatasi bila hata kusimama kutoka kitini. Nikaenda nazo moja kwa moja Bwaise. Mvua ilikuwa imenyesha, nikamkuta dada anachota maji yaliyoingia sebuleni. Alijifuta mikono kwenye gauni, akazipokea, akazisoma zote.

"Sasa naweza kukuambia," akasema. "Miaka yote hiyo sikulala vizuri."

Nikamwambia hata mimi, kisha nikachukua ndoo.