Gudmoning ya Mwalimu

Harufu ya uwele uliopurwa ndiyo inayonirudisha misheni kila msimu wa mavuno. Wadachi ndio waliotawala, askari wao wakipita kukamata watu wa kubeba mizigo, lakini mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiingereza, mwembamba, mcheshi, na jioni alitufundisha sisi wasichana maneno ya kwao. Plizi ukiomba, senkyu ukipewa, sori ukimkanyaga mwenzio, na gudmoning mpaka jua lifike utosini. Lo, nilivyoyapenda! Nilipokwenda kwetu Miyuji niliyamwaga yote mbele ya bibi mzaa mama, aliyenilea. Akaniuliza gudmoning hujibiwaje. Nikamwambia hujibiwa gudmoning, basi, imekwisha. “Imekwisha?” akang'aka. “Na ng'ombe je? Watu wasioulizana habari za zizini ndio wakulee wewe? Nenda kafungashe. Kesho kutwa nakuja kukuchukua.”

Nililia njia nzima ya kurudi misheni, maana nilijua bibi hatanii. Akaja kweli, asubuhi, vumbi mpaka magotini. Mwalimu akatoka mbio, “Gudmoning, bibi!” na papo hapo akaanza kunisifu ninavyosoma. Bibi akaketi chini juani, uso kaugeuzia milimani. “Amekasirika?” mwalimu akaninong'oneza. “Mbona nimemsalimia?” Nikajikaza: “Bado, mwalimu. Umeanza tu. Kaa chini.” Nilidhani atanifokea. Wapi! Alikusanya gauni lake akaketi mavumbini, akamwamkia kwa salamu ya kwetu, “Mbukwa,” kisha kwa Kigogo chake cha kuchechemea akauliza nyumba, watoto, ng'ombe, ndama, mbuzi, uwele ghalani, na mvua. Bibi akajibu yote, taratibu, naye akauliza ya mwenzake. Maskini mwalimu hakuwa na hata ndama. Akasema kuku wake wawili wanataga vizuri. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. “Mtoto abaki,” akasema akijikung'uta. “Huyu mwalimu wenu anafundishika.” Akarudi nyumbani peke yake, nami nikabaki na furaha isiyo na kifani.

Siku hizi Kiingereza kimejaa kila ofisi, na wajukuu zangu wanakijua kunishinda mbali, bila kuomba ruhusa ya bibi yeyote. Naona raha kuwasikia. Ila wakija kwangu, chai haimiminwi mpaka salamu ziishe zote. Wameshanizoea; wakiwa na njaa huja mapema.