Ng'ombe Thelathini wa Unga

Kikapu cha mianzi kikipata moto hutoa harufu yake chenyewe kabla unga haujaiva, harufu ya nyasi kavu zilizonyeshewa mvua. Wiki iliyopita niliinusa jikoni kwangu hapa Garissa, nikalazimika kukaa juu ya ndoo. Binti yangu Ifrah, mwenye miaka sita, alikuwa ameona kwenye simu mikate ya mvuke yenye sura za dubu, mashavu mekundu na macho ya ufuta mweusi, akanililia siku tatu nimtengenezee. Nikamwambia hatuna chombo cha kupikia. Mama yangu, anayeishi nasi, alinyanyuka. Aliingia chumbani kwake, akachutama, akavuta kutoka uvunguni kikapu ambacho mimi nilidhani kilishatupwa zamani.

Naomba mnivumilie nikiwaeleza kwa nini nilikaa juu ya ndoo, maana hata mume wangu sijawahi kumwambia. Tangu nikiwa na miaka tisa niliamini kwamba ng'ombe wa baba niliwaua mimi, na kwamba niliwaulia mbele ya kikapu kile kile, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kikapu kililetwa na abti, kaka yake mama, ambaye aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Kambi ilipohama alipewa kile kikapu cha ghorofa mbili na kifuniko chake, akaja nacho pamoja na ujuzi wa kukitumia. Mama aliupenda ujuzi huo kwa sababu haukuhitaji mafuta ya kupikia, na miezi ya kukosa mafuta kwetu ilikuwa mingi. Mikate ilitoka myeupe, laini, yenye ngozi ya kung'aa. Abti alisema mpishi wa kule kambini alikuwa akiifinyanga sura za nguruwe wadogo. Mama akamwambia jina hilo lisitajwe karibu na unga wake, na tangu siku hiyo nguruwe wa abti wakageuka mbuzi.

Tuliishi kwenye bula moja ya mjini, mtaa wa vibanda vya mabati ndani ya ua wa miiba: mama, mimi, mdogo wangu Abdi wa miaka mitano, na ayeeyo, yaani bibi yetu mzaa baba. Tuliwekwa mjini kwa ajili ya shule. Baba na kaka yetu mkubwa Hussein walikaa na ng'ombe upande wa Kotile, na ukame ulipokaza wakawasogeza mbali zaidi, kuelekea msitu wa Boni. Kila tulichokuwa nacho kilitoka kwa ng'ombe wale, kuanzia sare yangu ya shule hadi dawa za ayeeyo za presha. Wakifa wao, nasi tumekwisha. Hilo hata Abdi alilijua.

Ayeeyo alikuwa na sheria nyingi, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa moja: mifugo haihesabiwi kwa sauti. Ukihesabu, unalionyesha jicho baya pa kutua. Mgeni akimuuliza baba ana ng'ombe wangapi, baba alijibu, "Wapo, alhamdulillahi," na mgeni mwenye adabu hakuuliza tena. Sisi tuliwajua kwa majina, kwa rangi na kwa pembe, si kwa idadi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuwahesabu mbuzi wa jirani kwa kidole, ayeeyo akanichapa kidole hicho hicho kwa kijiti chake cha mswaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilibakiza kidogo nivunjike kidole.

Mvua ya kwanza baada ya ukame ule ilitufikia Jumamosi asubuhi. Ilikuwa imenyesha usiku kucha huko kusini, na sasa ilikuwa yetu. Ayeeyo alisimama mlangoni akiomba dua, viganja vyake vikijaa maji. Mimi na Abdi tuligaragara kwenye tope na hakuna aliyetukaripia. Mtaa mzima ulikuwa unacheka.

Simu ya mama iliita. Mabati yalikuwa yakipiga kelele mno, kwa hiyo akatoka nayo akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi shungi lake lilikuwa limelowa chapachapa, na hakulikamua. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la unga, ule uliopaswa kutufikisha mwisho wa mwezi, akaumimina wote kwenye karai.

"Kuna harusi?" ayeeyo aliuliza.

"Mvua imekuja, ayeeyo," mama alijibu.

Jibu hilo lilitutosha sote. Unga ulipoumuka aliniita nimsaidie. Aliugawa mafungu mawili, jeupe na lingine lililokandwa kwa chai ya rangi likawa la hudhurungi. Kisha akafinyanga ng'ombe wa kwanza: mwili, miguu iliyokunjwa chini, nundu mgongoni, pembe zilizokatwa kwa makasi, macho ya pilipili manga. Akaikunja pembe moja kuelekea sikioni.

"Huyu ni Barwaqo," akasema.

Barwaqo, ambaye jina lake ni neema, ndiye aliyetupa maziwa mengi kuliko wote, na pembe yake moja ilikuwa kombo kweli. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa mikate ya ng'ombe hivi hivi. Walikuwa ng'ombe wetu. Aliwatengeneza mmoja baada ya mwingine, huyu na baka la hudhurungi begani, yule na mkia mfupi alioumwa na fisi, midomo yake ikitikisika bila sauti. Nilidhani anasoma dua ya mvua. Abdi alipewa kazi ya kuweka macho, akampa ng'ombe mmoja macho matatu kwa maelezo kwamba huyo ndiye wa kuwalinda wenzake dhidi ya fisi.

Walipikwa kwa awamu, kumi au kumi na wawili kwa mara moja. Mara ya mwisho tulipowaona ng'ombe wenyewe, mbavu zao ungeweza kuzitaja moja moja. Sasa mama alifunua kifuniko, mvuke ukapaa, nao wakatoka wamevimba, nundu zimejaa, wanang'aa.

"Wameshiba," Abdi alisema kwa mshangao.

Mama aligeuza uso ukutani. Alisema mvuke umemchoma macho.

Tuliwapanga kwenye sinia kubwa la harusi. Abdi aliwapitia wote kwa macho, akawapitia tena, kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka. Mtamba wake Gudud hakuwepo. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupewa mnyama awe wake, na Abdi alipewa mama yake Gudud. Yule alipokufa, Gudud mwekundu ndiye aliyebaki kuwa mali yake yote duniani.

"Gudud yuko wapi?"

"Unga umekwisha," mama alisema.

Lakini unga haukuwa umekwisha. Ndani ya karai niliona donge la hudhurungi la kadiri ya ngumi yangu, rangi ya Gudud kabisa. Mama aliliviringisha likawa mkate wa duara tu, wa ayeeyo. Abdi akalia. Mama akamwambia Gudud atamtengeneza siku nyingine.

Nilitaka kumbembeleza. Wiki ile mwalimu wa hesabu alikuwa amenisifu mbele ya darasa, na sifa zilikuwa bado zinaniwasha. Nikamwambia tazama walivyo wengi, ngoja nikuhesabie. Kidole changu kikasimama hewani, nikakumbuka mswaki wa ayeeyo. Abdi alifuta kamasi, akatoa fatwa yake: "Hesabu kwa Kiswahili. Ng'ombe hawajui Kiswahili."

Ayeeyo alikuwa ndani anaswali. Nilimtazama mama. Nyumbani tulizungumza Kisomali. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maziwa, na hakikuvuka kizingiti cha nyumba yetu. Siku ile kilivuka.

"Hesabu tu, hooyo," aliniambia. Hooyo ni mama, na kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Leo hakuna kitu itaharibika."

Nikahesabu. Nilimgusa kila mmoja nundu yake, kwa sauti ya darasani, hadi thelathini. Kisha tukawala na chai, tukashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama hakuonja hata kipande.

Siku ya tatu baba na Hussein walifika, matope hadi magotini. Baba alikuwa ameshika kamba tupu. Alikaa chini mbele ya ayeeyo, na sisi tukasikia yote. Ng'ombe walikuwa wamekonda mno. Mvua ya kwanza iliwakuta wazi, usiku, ikawapiga baridi, wakaanguka kwenye tope mmoja mmoja na hawakuinuka. Walitangulia kisu, baba alisema, kwa hiyo hata nyama yao haikuwa halali kwetu.

"Thelathini," akasema. "Amebaki Gudud peke yake. Nimemwacha kwa jamaa Kotile."

Sikuwahi kumsikia baba akitaja idadi ya ng'ombe, na idadi aliyoitaja ilikuwa yangu. Niliowahesabu wamekufa. Nisiyemhesabu amepona. Mnataka ushahidi gani zaidi ya huo? Nilitoka nje nikatapika nyuma ya tangi la maji.

Sikumwambia mtu. Baba alipata kibarua kwenye soko la mifugo, kupakia ng'ombe wa watu kwenye malori, akawa anarudi jioni ananuka ng'ombe wasio wake. Sikuweza kukaa naye sinia moja. Akiingia, nilitoka; akiniita, nilijibu nikitazama chini. Darasani nilikataa kuhesabu kwa sauti, na mwalimu aliyenisifu akaniandika kuwa nimezembea. Kwa mama nilikuwa na hasira ya namna nyingine. Wanasema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi niliona kwamba mama alinipa wembe akijua, na waliochanjwa wakawa watu wote wa nyumba yetu.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Ayeeyo alifariki, Abdi akaenda Nairobi, na baba tulimzika miaka minne iliyopita. Hata kwenye kitanda chake cha mwisho, aliponishika mkono, niliutoa taratibu nikasema naenda kumletea maji.

Basi wiki iliyopita, mama akiwa anamfinyangia Ifrah masikio ya dubu kwa vidole ambavyo sasa havikunjiki vizuri, niliuliza nikiwa bado juu ya ndoo yangu.

"Hooyo, siku ile ya mvua, kwa nini hukumtengeneza Gudud? Unga ulikuwepo. Niliuona."

Hakuinua kichwa. "Gudud alikuwa hai," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kubana masikio huku akinieleza kwa sauti ile ile ambayo angenieleza bei ya sukari. Baba alipiga simu asubuhi ile ile. Alimtajia mmoja mmoja waliokufa, kwa majina, akilia, na mama aliogopa kuwasahau kabla hajafika kwenye unga. Alitaka wanawe wale chochote cha ng'ombe wale, maana nyama haikuwezekana. Alitaka pia tulale siku mbili zaidi tukiwa watoto wenye ng'ombe, na baba aje kusema mwenyewe. Nilipoanza kuhesabu aliniacha. Jicho lingewatafuta wapi? Aliye hai ndiye asiyehesabiwa.

Ndipo nikamwambia. Niliyasema yote, kidole, thelathini, tangi la maji, na sauti yangu ikawa ya miaka tisa. Mama aliweka unga chini. Alinitazama kama anayetafuta mahali mtoto wake alipokuwa amefichwa.

"Ndiyo maana ulikuwa unamkimbia baba yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Yeye ndiye aliyewatoa msituni usiku ule alipoona mvua inakuja, akawapeleka mbugani wawahi majani mapya," mama alisema. "Alidhani unamlaumu yeye. Mpaka anakufa alidhani hivyo."

Kikapu kilikuwa kinatoa mvuke. Ifrah alifunua kifuniko bila ruhusa, akaanza kuwahesabu dubu wake kwa sauti, moja, mbili, tatu, akiwagusa mashavu. Nilifungua mdomo nimkataze, kisha nikaufunga. Mama alinishika mkono kwa vidole vyenye unga, na safari hii sikuutoa.