Nyumba Haikuenea Kwenye Picha

Mama alipotoka eda, kaka yangu alinikabidhi lenzi ya Baba. Ilikuwa ndani ya soksi nyeusi, soksi ndani ya mfuko wa rambo. "Wewe ndiye mpiga picha," akasema. Nikaitia kwenye mkoba, nikaendelea kufunga vyombo. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa imeshauzwa, na wiki ile tulikuwa tunahama.

Kama umekulia mitaa ya nyuma ya Msimbazi, nyumba zile unazijua: fupi, za bati, vyumba sita na ukumbi katikati, baraza ya saruji mbele. Utotoni, kila asubuhi ya Idd, mimi na dada tulifagia mbele ya nyumba, tukanyunyiza maji vumbi litulie. Bibi alikuwa uani na sufuria yake ya pilau, na harufu ya bizari na vitunguu vilivyoungua kidogo ilikuwa inakuja mpaka barabarani, imechanganyika na udi. Wasukuma mikokoteni hawakuwa na sikukuu. Kelele za "Pisha! Pisha!" zilianza kabla hatujavaa nguo mpya.

Baba hakuwa mpiga picha wa kazi. Aliuza vitenge. Lakini kila Idd alivaa kamera yake shingoni, akavuka barabara, akasimama kwenye kizingiti cha fundi cherehani wa jirani. Fundi alisimamisha mashine yake, eti isimtikise Baba mkono. Sisi tulikuwa tumejipanga barazani, kola zinatuwasha, bibi katikati, Mama pembeni yake.

"Msisogee," Baba alisema, baada ya kukohoa kama kawaida yake. "Nyumba yote imo."

Na kweli ilikuwamo. Picha zikisafishwa, uliona ukuta hadi ukuta, bati lote, hata mbuzi wa jirani aliyejipitisha ukingoni.

Dada mkubwa ndiye aliyesema tupige ya mwisho kwa lenzi ileile, pale pale aliposimama Baba. Sikuwa na sababu ya kukataa. Kazi yangu ni kupiga picha viatu na mikoba ya wafanyabiashara wanaouza kwa simu, na kamera yangu ni ndogo, ya kazi hiyo. Nilikwenda kwa fundi kamera anifungie kipande cha kuunganishia lenzi ya Baba na kamera yangu. Alikiingiza, akachungulia, akanitazama.

"Lenzi nzima kabisa, dada. Ila ilizoea filamu, na filamu ni pana. Sensa ya hii kamera yako, pale picha inaponasia, ni ndogo. Lenzi italeta picha yote, kamera itachukua ya katikati tu. Pembeni kunakatwa."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Rudi nyuma."

Siku ya kukabidhi funguo tulikaa barazani baada ya chai, pamoja na watoto wa kaka na dada. Bibi alishafariki zamani, kwa hiyo Mama ndiye aliyekaa katikati. Nikavuka barabara. Kibanda cha fundi cherehani hakipo. Limesimama jengo la ghorofa, duka la simu chini, vioo vitupu. Nikasimama palipokuwa kizingiti, nikachungulia kwenye kamera. Mama alikuwamo, na bega la dada. Kaka hakuwamo. Watoto wao hawakuwamo. Bati halikuwamo. Nikarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa kioo.

Mlinzi akatoka. "Sista, hapa hairuhusiwi kupiga picha."

"Napiga kwetu pale, kaka, siyo duka. Naomba niingie ndani kidogo, nipigie mlangoni."

Akatazama barazani, akamwona Mama. "Shikamoo, mama!" akapaza sauti, na Mama akaitikia marahaba. Kisha akaniambia taratibu, "Kuingia na kamera siwezi kukuruhusu, bosi yupo. Pigia hapo hapo, mi sijakuona."

Kaka akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Piga vipande viwili! Upande huu, halafu huu. Utaviunga kwenye kompyuta."

Nikapiga kushoto. Nikageuza kamera kidogo, nikapiga kulia. Mama, aliyekuwa katikati, ameingia kwenye picha zote mbili. Nilidhani nitalia nikiwa nimeishika lenzi ile. Sikulia. Nilikuwa nawaza kama gari la mizigo litapata pa kuegesha.

Niliziangalia huko tulikohamia, baada ya kupanga vitanda. Kwenye ya kwanza Mama ananitazama. Kwenye ya pili ametazama mlangoni, shingo imegeuka kabisa. Haziungiki. Nikamwonyesha.

"Mama, hapa ulikuwa unatazama nini?"

Alizitazama kwa muda, bila miwani. "Nilisikia mtu anakohoa ndani."

Ndani hakukuwa na mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyefunga madirisha. Mama akainuka akaenda kuepua maharage.

Nyumba ilibomolewa mwezi uliofuata. Huwa napita pale nikienda kwa wateja wangu. Wamezungushia mabati ya bluu, na ndani inasikika mashine ya kuchanganyia zege. Siwezi tena kukuonyesha kwa kidole ukumbi ulianzia wapi, wala bibi alikuwa anaweka wapi sufuria. Dada huniuliza picha imefikia wapi. Namwambia bado naishughulikia. Zipo mbili, kila moja peke yake, na sijazigusa.