Ile Stori ya Gathogo na Daisy

Nimesoma ujumbe wa Wangechi mara sita na akili bado inakataa. Ati Gathogo hayuko tena duniani. Gathogo gani? Huyu niliyeongea naye Jumapili, akinicheka kwamba kahawa yangu hapa Kianyaga inazeeka haraka kuliko mwenyewe?

Alikunywa chai asubuhi, akatoka kwenda kuwafungulia ng'ombe, akaketi kidogo kwenye ngazi ya mlango. Basi. Hakuugua, hakulalamika. Nimebaki na simu mkononi kama mjinga.

Kwa vijana mnaonifuata hapa na hamkumjua: miaka ya sabini mwanzoni, Gathogo alikuwa karani mkuu katika ofisi yetu Nyeri, na mimi karani mpya kwenye desk iliyoelekeana na yake. Alinifundisha kuandika memo. Alinifundisha pia kuwinda kwale, wale ndege wa nyasini ambao kwetu tunawaita ngware. Wakati huo serikali ilikuwa haijafunga uwindaji.

Alikuwa na bunduki kuukuu ya mitutu miwili, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama kutoka Mweiga. Mzungu akamwachia na mbwa. Jina lake Daisy, mweupe mwenye madoa ya kahawia.

Kumwona Daisy kazini ilikuwa raha tupu. Anakimbia nyasini, pua chini, halafu ghafla anasimama tuli, mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Ujue kwale yuko hatua chache mbele. Hatikisiki mpaka Gathogo afike. Pale ofisini tulikuwa na watu wazima wasio na nidhamu hiyo.

Gathogo mwenyewe alikuwa mkali. Ukifika kwenye ua wa shamba, unaikunja bunduki katikati ifunguke, unatoa risasi, ndipo unavuka. Na ndege akiruka, hupigi mpaka uone anga chini yake, maana akiwa chini nyuma yake kuna mbwa au mtu. Hilo alilirudia kila Jumamosi mpaka nikachoka kulisikia.

Sasa, kila aliyemjua anaijua stori ya vile alivyompiga risasi mbwa wake mwenyewe. Imesimuliwa harusini, imesimuliwa kwenye harambee, MC mmoja aliitumia hata siku ya retirement yake. Yeye alicheka nao kila mara.

Wangechi ni binti yake wa kwanza. Leo mchana ameniandikia tena: "Uncle Muriuki, eulogy inaenda kwa printer kesho. Tuandikie ile story ya Daisy, si wewe ndio ulikuwa huko? Watu wacheke kidogo."

Nilikuwa huko, Wangechi. Ndiyo maana siwezi kuiandika vile mnavyoijua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, shamba moja karibu na Kiganjo. Daisy amesimama mbele ya kichaka. Nilikuwa nimemsumbua baba yako mwezi mzima anipe nafasi moja tu. Leseni ilikuwa ya jina lake peke yake, na sote wawili tulilijua hilo. Akanipa bunduki.

Kwale hakupanda juu. Aliruka chini chini, akapita karibu kabisa na mgongo wa Daisy. Sikungoja kuona anga. Nilipiga.

Ndege alienda zake. Daisy alianguka bila hata kulia.

Gathogo hakunigombeza. Aliichukua bunduki mikononi mwangu, akaikunja, akatoa maganda. Halafu akapiga magoti, akavua koti na kumfunika. Mwenye shamba alikuwa anakuja mbio.

"Ni mimi nilipiga," akaniambia. "Umesikia?"

"Hapana mzee, ni mimi."

"Muriuki, wewe bado uko kwa probation na bibi yako amezaa juzi. Hii bunduki iko kwa jina yangu. Wakijua ulikuwa umeishika, wewe kazi imeisha na mimi leseni imeenda. Wacha nibebe hii. Nyamaza."

Nikanyamaza.

Mwenye shamba alimwambia mbele yangu, "Mtu wa kupiga mbwa yake, kesho atapiga mtu yangu. Usirudi hapa." Habari zikasambaa, na mashamba mengine nayo yakamfungia. Kabla mwaka haujaisha aliuza bunduki. Hakuwinda tena, na hakufuga mbwa mwingine wa ndege. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapanda cheo, nikasomesha watoto.

Siku ya retirement yake, MC alipoanza ule utani, nilisimama niseme ukweli. Gathogo akanivuta koti. "Kaa chini, chakula inapoa." Nikakaa. Niseme wazi: nilifurahi kuzuiwa. Nilikuwa mwoga.

Kinachonitetemesha sasa hivi si kifo peke yake. Ni kwamba nilidhani muda upo. Kila mwaka nilisema nitaenda nyumbani kwake Krismasi, tukae wawili, nimwombe msamaha vizuri. Jumapili nilikuwa naye kwenye simu karibu saa nzima, na tuliongea mambo ya kahawa!

Wangechi, stori ndiyo hii. Iweke kwenye eulogy kama ilivyo, na jina langu lote. Mama yako amechekwa miaka yote hiyo kwa kuolewa na muua mbwa, na mimi nilikuwa nakula chapati zake. Akikataa kunipa mkono siku ya mazishi, atakuwa na haki. Nitakuja bado.

Na wewe Gathogo, nisamehe kwa kukuacha ubebe mpaka mwisho. Katika Jumamosi zetu zote sikuwahi kukuona ukikosea, hata mara moja. Leo wote wanajua. Lala unono, mzee wangu.