Alivyoitikia Mama

Mdogo wangu alikuwa India anasoma, na mama hakuwa ameisikia sauti yake tangu aondoke. Simu ya nje kipindi kile ilikuwa ya wenye nazo. Basi mwenzake aliyekuja likizo akaniletea disketi: kijana karekodi sauti yake kwenye kompyuta, na humo humo kaweka programu ya kuifungulia. Nikampelekea mama ujumbe kijijini kupitia kondakta wa basi la Mpwapwa. Jumamosi mama akafika ofisini kwetu Dodoma na khanga mpya na furushi la mboga ya mlenda mkavu, utadhani mwanawe mwenyewe yumo humo ofisini.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga chapa, na bosi aliniruhusu. Kompyuta yetu iliingia nchini ikiwa mtumba, na ilikuwa na nongwa. Nikaweka disketi, programu ikafunguka, ikatoa maneno ya kosa, ikajifunga. Nikazima, nikawasha. Vile vile. Nikaifuta, nikaiingiza upya. Vile vile. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikaanza kuitolea mashine maneno yasiyosemwa mbele ya mzazi. Mama akasema kama imechoka niiache ipumzike, basi lake ni la jioni.

Hapo ndipo nilipotulia nikayasoma yale maneno mpaka mwisho. Yalitaja faili moja la maktaba, yaani faili ambalo programu nyingi hulitegemea kwa pamoja. La kwetu lilikuwa la zamani mno, na programu ya mdogo wangu ilitaka jipya. Nikamwachia mama chai, nikakimbia Chang'ombe ya hapo hapo Dodoma kwa rafiki yangu mwenye stesheneri, ambaye kompyuta yake ilikuwa ya karibuni. Alinicheka kwanza, ndipo akaninakilia. Nikarudi natweta, nikalibadilisha jina lile la zamani lisipotee, nikaweka jipya mahali pake.

"Shikamoo mama," spika ikasema.

"Marahaba mwanangu," mama akaitikia, lakini kijana alishafika mbali, anasimulia chakula cha huko. Mama akanuna: mbona hanisubiri? Nikarudisha mwanzo, nikaisimamisha baada ya shikamoo. Mama akaitikia kwa raha zake, akamuuliza kama analala vizuri, akamwambia mtama umekubali mwaka huu. Kisha akanipa ishara: haya, aendelee. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mama na mwanawe wakizungumza.

Jumatatu programu ya kuchapia barua ikagoma kufanya kazi na lile faili jipya. Nikarudisha la zamani. Ukawa ndio utaratibu wangu: mama akija mjini nalibadilisha, akiondoka nalirudisha. Sikuwahi kuona kero.

Mama alifariki kijana hajamaliza masomo, na nauli ya kurudi kuzika haikupatikana. Alipokuja hatimaye, aliniuliza kama sauti yake ilifika. Nikamweleza yote, na mtama. Akataka kusikia mama alivyomjibu. Nikamwambia ofisi haikuwa na maikrofoni, na hata ingekuwepo, nani angekumbuka? Sauti yake yeye tunayo. Ya mama hatuna, na ndiyo ninayoitamani mpaka leo.

Akasema, "Basi niitikie wewe, kama alivyoitikia."

Nikakubali. Akakaa sawa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," akasema, na mimi nikashindwa.