Mfungo wa Beki wa Kushoto

Kocha wa chuo kikuu alipopiga simu kusema Jumamosi atakuja uwanja wa Cato Manor, hapa Durban, kunitazama nikicheza, mama yangu hakucheka wala hakunikumbatia. Alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akatoka nje ya saluni, akampigia pasta. Jioni kanisa letu lote la Wakongo pale Berea lilikuwa limetangaziwa mfungo. Mfungo mkavu, bila chakula wala maji, kuanzia Alhamisi usiku mpaka mechi iishe.

Na kwetu anayeombewa ndiye wa kwanza kufunga. Wamama wazima washinde na njaa kwa ajili yako, halafu wewe uko jikoni unapaka mkate siagi? Nilitaka kumwambia mama kwamba beki wa kushoto anakimbia dakika tisini, na jua la Durban halina mchezo. Eish, nilishindwa. Angenitazama tu, kisha angeniuliza kama mimi mwenyewe sikitaki hicho chuo.

Nilikitaka mpaka naumwa. Kocha akinipenda, nasoma bure. Asiponipenda, nakwenda Clairwood kupakia malori na binamu zangu, na hayo yalikuwa yameshaanza kusemwa nyumbani. Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Kwetu watu wakifunga na jibu lisije, hawamuulizi Mungu. Wanaulizana nani alikula. Ijumaa nzima darasani nilikuwa nayaogopa hata mate yangu, kama kuyameza ni dhambi au siyo.

Jumamosi niliingia uwanjani midomo imekauka. Kocha wa chuo alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, miwani myeusi, haongei na mtu. Upande wa pili walisimama wamama wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, wakiomba kwa sauti. Winga wa wapinzani alinipita mara ya kwanza, nikajikaza. Akanipita tena, wakafunga goli. Masikio yalikuwa yanavuma. Jasho lilikuwa limekatika, na hilo lilinitisha kuliko goli, maana jua lilikuwa kali na ngozi yangu ilikuwa kavu na baridi. Niliogopa kuanguka mbele ya yule mtu. Niliogopa kufa pia, nasema ukweli.

Wakati wa mapumziko wachezaji wenzangu walinipa chupa ya maji. Nikasukutua, nikatema. Mama aliniona ninavyotema. Aliacha maombi katikati, akaenda getini kwa mwanamke wa Kizulu aliyekuwa anauza amagwinya, yale maandazi yao makubwa, akarudi na moja na chupa ya juisi. Nilidhani ananipa. Hapana. Alisimama mbele yangu, wenzake wote wanamwangalia, akalimega, akala yeye kwanza. Alitafuna taratibu mpaka akameza.

"Sasa nimefungua mimi," alisema, na akaniita papa, yaani baba, kama anavyoniita akinibembeleza. "Kula, papa. Wakiuliza, nitajibu."

Alinishikisha andazi na juisi bila kuwatazama wenzake. Nilikula, nikanywa, nikaogopa huku nakula.

Kipindi cha pili miguu ilirudi. Yule winga hakupata njia tena, na goli letu la kusawazisha lilitokana na krosi yangu. Mwishoni kocha wa chuo alinyanyuka kwenye kiti chake, akanipa mkono, akasema sharp, yaani safi, Jumatatu nije chuoni na mzazi. Nilimkimbilia mama. Wamama walishangilia, ila walikuwa wamesogea mbali naye kidogo. Yeye mwenyewe hakushangilia. Aliniambia nivae sweta.

Sasa niko mwaka wa pili chuoni. Mama hajaja kunitazama hata mara moja, kila Jumamosi ana wateja. Anaogopa kwamba mfungo ule alioukata utadaiwa siku moja, na utadaiwa kwangu. Hajawahi kusema hivyo, lakini mimi ni mwanawe, najua. Mwezi uliopita nilimpigia kumwambia nimeumia goti mazoezini, kidogo tu, si kitu. Nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma nyuma yake.

"Uko unatembea?" aliuliza.

"Natembea, mama."

"Tembea nisikie."

Nikaishusha simu karibu na sakafu, nikazunguka chumba, nikijitahidi nisichechemee.