Aliyetema Bia Yake Mwenyewe

Nilianza kumshuku yule mpishi wa bia siku ya kwanza nilipomwona akitema. Alifungua bomba la tangi, akajaza bilauri nusu, akaizungusha, akanusa kama mtu anayekagua samaki wa jana. Akavuta funda moja, akalizungusha mdomoni, kisha pwii, ndani ya ndoo. Hakumeza hata tone. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea na shughuli zake.

Nilikuwa nimetoka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, kwa sababu tu nilichoka kuona weupe. Kazi sikai nazo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila mlango ulio wazi nachungulia. Mlango wa ile bohari ya Kilifi ulikuwa wazi, na ndani mlitoka harufu nisiyoijua: uji wa shayiri, na juu yake kitu kama maganda ya chungwa na majani mabichi. Nikauliza hapa mnapika nini. Nikapewa brashi ya kusugulia mapipa.

Mpishi alikuwa mtu wa bara, mpole, wa maneno machache. Kila baada ya majuma kadhaa alitoa bia mpya, na zote zilikuwa chungu. Uchungu ulitokana na hopsi, maua makavu yaliyosagwa na kushindiliwa hata yakafanana na chakula cha sungura. Yaliletwa kutoka ng'ambo katika mifuko inayong'aa, naye aliyaweka ndani ya friji yenye kufuli. Nilimwuliza kwa nini. Akasema joto huharibu harufu. Hilo ni jibu la friji, nikajisemea, si jibu la kufuli.

Nilionja zote. Ya kwanza ilinipiga kama maji ya mwarobaini aliyotunywesha bibi tulipokuwa na homa. Iliyofuata ilianza na embe bichi, ikapita kwenye ganda la ndimu, halafu uchungu ukaja nyuma taratibu na kukaa kwenye shina la ulimi, mpaka nikatamani funda jingine ili niufute. Funda hilo nalo likaacha uchungu wake. Mtego huo niliushuku pia, lakini niliendelea kunywa.

Kilichonisumbua ni kule kutema. Mimi nimekulia kwenye mnazi, ile pombe ya kugema. Kwetu, anayekumiminia pombe hunywa kwanza, anameza mbele ya macho yako, ndipo kata inakuja kwako. Anakwambia bila kusema kwamba kama humu mna sumu, tufe wote.

Msimu wa wageni ulipokwisha, hoteli zikaacha kuagiza. Matangi yalikuwa yamejaa bia mpya, yenye hopsi nyingi kuliko zote, na bia ya namna hiyo haingoji. Harufu yake hufifia. Mpishi akaniambia waziwazi kwamba asipopata wanywaji wa hapa hapa, atafunga mlango arudi bara. Nikamtajia mangwe moja ya Matsangoni, kilabu cha mnazi chenye leseni na friji. Mama mwenye mangwe hiyo akikubali kinywaji, kijiji kizima hukinywa.

"Lakini kule utaanza wewe," nikamwonya.

"Naam, mimi ndiye huonja kwanza siku zote," akasema. Nikadhani ameelewa.

Tulifika mchana, yeye akiendesha pikipiki, mimi nyuma na kreti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Dawa ya nini hiyo mmeniletea?"

"Ya minyoo," akadakia mgema mmoja mzee, na benchi zima likacheka.

Mpishi akafungua chupa, akamimina, akazungusha, akanusa. Akavuta funda. Kisha, kwa mazoea yake, akatema mchangani.

Kicheko kikakatika.

"Mnaona?" mgema akasema. "Mwenyewe haitaki."

"Kuna nini?" akauliza mume wa mama. Alikuwa kipofu, ameketi mwisho wa benchi.

"Ametema," mama akamjibu.

Yule mume akaweka kata yake ya mnazi juu ya goti na kuifunika kwa kiganja.

"Mama, sisi ndivyo tunavyoonja," mpishi akajitetea. "Nikimeza kila ninachoonja, nitashindwa kutofautisha matangi."

"Hapa hukuja kuonja, umekuja kunipa. Huyu mume wangu alipewa pombe ya chupa na mtu mcheshi kuliko wewe. Chupa ilikuwa na karatasi nzuri, kama hiyo yako. Akaamka haoni mlango. Na yule mtu hakunywa. Alisema ana safari."

Mpishi akaitazama pikipiki. Nilijua neno lililokuwa mdomoni mwake, nikaomba asilitoe. Akalimeza. Akajaza bilauri mpaka povu likamwagika vidoleni, akanywa yote bila kupumzika. Benchi zima lilikuwa likiangalia koo lake. Hata mimi, niliyekwisha kuinywa bia ile na macho yangu yakabaki mazima, nilikuwa nikiliangalia.

"Kaa," mama akasema. Akakaa. Walimweka hivyo mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni pake.

"Leso yangu hii niliyojifunga ni ya rangi gani?" mama akamwuliza.

"Ya njano. Ina korosho nyekundu."

"Mh." Mama akachukua bilauri, akajimiminia kidogo, akameza. Uso ukamkunjamana. "Chungu!" Akanywa tena. "Chungu, halafu yaita."

Mgema akajaribu, akaapa kwamba hiyo ni mwarobaini uliokwenda shule, na akaomba aongezwe. Mume wa mama alinusa tu, kwa muda mrefu. "Ndimu," akasema, akairudisha.

"Wewe nimekuamini," mama akamwambia mpishi. "Chupa zako bado. Acha kreti. Ila kila ukitoa mpya, uje mwenyewe uinywe hapa kwanza. Usipokuja, siuzi."

Nilimrudisha Kilifi mimi, yeye nyuma amenishika mabega.

Hajafunga mlango. Ndani ya bohari bado anatema kwenye ndoo, na kufuli la friji bado lipo, nitamwuliza tena. Lakini kila bia mpya ikitoka twaenda Matsangoni, anakunywa, anakaa, na mama anamwuliza leso yake ni ya rangi gani. Mume wake hungoja jibu, na mkewe aseme ndiyo, ndipo anapoondoa kiganja kwenye kata yake.